UZI: Programu yako ni nzuri, lakini mwenye tovuti anashindwa kuisakinisha

#1 Nyundo na Msumari (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma. Nawalenga hasa sisi tunaoandika programu za wavuti na kuziuza au kuzigawa bure: za shule, za vikoba, za nyumba za wageni, za parokia. Nataka tuzungumzie ile nusu saa ya kwanza, tangu mteja apokee faili la zipu mpaka aone ukurasa wake wa kuingilia. Wateja wangu wengi wamepotelea hapo na nilikuwa sijui.

Mwaka jana niliandika programu ya kupanga wageni kwa ajili ya nyumba ndogo za wageni. Vyumba, tarehe, malipo ya awali, stakabadhi. Watu tisa wakanunua. Watatu ndio waliofika kuitumia. Wale sita hawakulalamika wala hawakudai hela yao, walinyamaza tu. Nikajiambia labda wamepata njia nyingine, au wamerudi kwenye daftari kwa kupenda.

Mwezi uliopita nilikwenda Bukoba msibani. Mmoja wa wale sita anaishi huko, mama mwenye nyumba ya vyumba vinane. Baada ya matanga nikamfuata, nikamwomba: "Mama, naomba uisakinishe programu mbele yangu, mimi nikae tu nitazame." Nikajiwekea sharti la kutofungua mdomo wala kushika kipanya.

Alikuwa na kompyuta ya mwanawe na karatasi yenye jina na nywila ya cPanel (ukurasa wa kusimamia nafasi ya tovuti kwenye seva) aliyoandikiwa na mpwa wake aliyemnunulia domeni. Akafungua zipu langu kwenye kompyuta, yakamwagika mafaili mia kadhaa. Akaingia cPanel, akatafuta mahali pa kupakia, akajaribu kuliburuta lile folda zima. Sehemu ya kupakia haipokei folda, inapokea faili moja moja au kadhaa. Basi akaanza. Faili la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la kumi na moja nikavunja sharti langu, nikamwambia apakie zipu lenyewe kisha alifungulie kule kule kwenye seva. Akaniangalia, akasema, "Mbona hukuandika hivyo?" Nilikuwa nimeandika, ukurasa wa nne wa mwongozo wenye kurasa kumi na moja.

Zipu likafunguka, lakini mafaili yakaingia ndani ya folda lenye jina la programu na namba ya toleo, kwa hiyo anwani ya tovuti yake ikaonyesha orodha tupu. Hapo napo nikamsaidia. Hatimaye kikafunguka kisakinishi changu, yaani ukurasa wa kuisakinishia programu, kazi niliyokuwa naionea fahari. Kisanduku cha kwanza: "Hosti ya kanzidata".

"Mwanangu, hosti ndiyo nani? Ndiye huyu tunayemlipa kila mwaka?"

Akaandika jina la kampuni iliyomuuzia nafasi. Kumbe nilikuwa nauliza anwani ya seva inayotunza kanzidata, yaani ghala la taarifa za programu. Ni jibu la mtu mwenye akili timamu aliyeulizwa swali baya. Kisanduku cha pili, "Jina la kanzidata", akaandika "wageni", akiamini anaombwa aipe jina, kama mtu anavyompa mtoto jina. Hakuna palipomwambia kwamba kanzidata huundwa kwanza kule cPanel, kwamba cPanel itaweka jina la akaunti mbele ya lile alilochagua, kwamba mtumiaji wa kanzidata naye huundwa peke yake, kisha lazima huyo mtumiaji aunganishwe na kanzidata na kupewa ruhusa. Kufikia hapo mama alikuwa na nywila tatu kwenye kijidaftari chake: ya cPanel, ya kanzidata, na ya programu yenyewe. Akaweka moja mahali pa nyingine. Nani asingekosea?

Tulipovuka hilo, ikaja skrini nyeupe. Hakuna neno hata moja. Seva ilikuwa inatumia toleo la PHP (lugha niliyoandikia programu) la zamani kuliko lile ninalohitaji, na seva nyingi zimezuiwa kuonyesha makosa kwa wageni, jambo ambalo ni sahihi kiusalama. Lakini kwa mama skrini ilikuwa nyeupe tu. Akatoa mkono kwenye kipanya taratibu, akaniuliza, "Nimeharibu nini?"

Hakuwa ameharibu chochote. Saa moja na dakika arobaini amekaa pale, kila kosa ni langu, na yeye ndiye anayeomba radhi.

Usiku ule nikahesabu visanduku vyangu. Vilikuwa saba. Vitatu alikuwa na majibu yake kichwani: jina la nyumba yake, barua pepe yake, nywila anayoitaka. Vinne nilikuwa namuuliza mambo ambayo seva inayajua yenyewe au ambayo mimi mwandishi nilipaswa kuyaamua. Hoja yangu katika uzi huu ndiyo hiyo: kisakinishi kimuulize mwenye tovuti yale tu anayoyajua yeye. Mengine yote ni kazi yetu.

Nimeanza kukiandika upya. Nitaeleza chini. Kwanza nataka kusikia ya wenzangu.

#2 Mdau wa Seva

Mkuu, nimesoma nikajiona. Nafanya kazi ya kuhudumia wateja kwenye kampuni ya hostingi (wanaokodisha nafasi za tovuti), na maombi ya msaada kuhusu kusakinisha ndiyo chakula changu cha kila siku. Niongeze yale ninayoyaona zaidi.

La kwanza ni hilo la folda ndani ya folda. Sijawahi kupitisha wiki bila kulikuta. Mtengeneza programu angefunga zipu lake bila folda la nje, au aweke faili dogo la kumwelekeza mgeni, lingeisha.

La pili ni upakiaji wa FTP (njia ya kuhamishia mafaili kwenye seva) unaokatika katikati. Mtu ana mafaili elfu mbili, bando likaisha au mtandao ukayumba, yakafika elfu moja na mia nane. Programu inafunguka nusu nusu na kutoa makosa ya ajabu ambayo hata mimi nisingeyaelewa. Kisakinishi kingekuwa na orodha ya mafaili yote na alama ya uhakiki ya kila moja, kingesema mara moja: "Yanakosekana mafaili 200, pakia zipu upya." Kuandika hiyo orodha ni kazi ya jioni moja.

La tatu ndilo linaloniuma. Programu ikishindwa kuandika faili, mwongozo unamwambia mteja aweke ruhusa 777. Maana yake kila mtumiaji wa seva ile anaweza kuandika humo. Kwenye hostingi nyingi za leo PHP inaendeshwa kwa jina la mwenye akaunti, kwa hiyo 755 kwa folda na 644 kwa faili, ambapo mwenye akaunti pekee ndiye anayeandika, zinatosha. Tafadhali ifuteni hiyo 777 kwenye miongozo yenu. Nimesafisha tovuti nyingi zilizoingiliwa kupitia mlango huo.

#3 Kibodi Moto

Asante kwa uzi, ila sioni tatizo lote hili linatoka wapi. Softaculous ipo kwenye cPanel karibu zote. Mteja anabonyeza, anachagua jina na nywila, programu ndani. Kanzidata inaundwa yenyewe. Kwa nini tujitese kuandika visakinishi?

#4 Nyundo na Msumari

@Kibodi Moto swali zuri, na kwa programu maarufu kama WordPress, Joomla au Moodle ningemshauri mtu yeyote apite huko. Tatizo ni kwamba orodha ya Softaculous inapangwa na wenyewe. Programu yangu ya wateja tisa haimo, na yako ya SACCOS haimo. Mteja wetu anabaki na zipu mkononi.

Lakini tuangalie kwa nini zana za namna ile zilihitajika. Enzi za mwanzo wa blogu watu wengi walitumia Movable Type. Iliandikwa kwa lugha ya Perl, na ili iamke ilibidi mwenye tovuti ajue Perl imekaa wapi kwenye seva, aandike njia hiyo kwenye mstari wa kwanza wa mafaili, kisha aweke ruhusa za kila moja kwa mkono. WordPress ilitoka tarehe 27 Mei 2003, ikiwa imeendelezwa na Matt Mullenweg na Mike Little kutoka kwenye programu ya zamani iliyoitwa b2. Hii ilitumia PHP, ambayo unaweka faili kwenye folda na linafanya kazi. Hakuna cha kuwasha, hakuna cha kuacha kikiendeshwa usiku. Wakajitangaza kwa usakinishaji wa dakika 5. Mwezi Mei 2004 Movable Type walipobadilisha masharti ya leseni kwenye toleo la 3.0, watu waliokasirika walikuwa na mahali pa kwenda, na mahali penyewe palikuwa rahisi kuingia. Naamini isingekuwa zile dakika 5, hasira yao ingepoa wakabaki walipo.

Drupal nayo, programu yenye nguvu kweli kweli, mpaka toleo la 5 la Januari 2007 ndipo ilipopata kisakinishi cha kwenye kivinjari. Kabla ya hapo ulikuwa unaingiza jedwali za kanzidata kwa mkono.

Hata hivyo tazama kwa makini: WordPress mpaka leo ukiisakinisha kwa mkono inakuuliza jina la kanzidata, mtumiaji, nywila na hosti. Angalau hosti wameshaijaza "localhost" tayari, na wanakueleza kwamba ikikataa ukawaulize waliokuuzia nafasi. Swali lile gumu halijaondoka. Softaculous inachofanya ni kulijibu kwa niaba ya mteja, kwa sababu yenyewe imekaa ndani ya cPanel na ina ruhusa ya kuunda kanzidata. Sisi tulio nje ya cPanel inabidi tutafute njia nyingine ya kulifuta.

#5 Pwani Kodi

Salamu kutoka Mombasa. Mimi natumia Laravel (kiunzi cha kuandikia programu za PHP), na hapa ndipo ninapokwama. Mwongozo wangu unasema endesha composer (zana ya kupakua maktaba za msimbo), kisha tengeneza faili la .env (la mipangilio na nywila), kisha andika amri za kuunda jedwali. Mteja wangu ana duka la vipuri Kongowea. Dirisha la amri hajawahi kuliona maishani. Kwa hiyo kila mteja nasakinisha mwenyewe, na nikisafiri biashara imelala. Kuna njia?

#6 Nyundo na Msumari

@Pwani Kodi ipo, ndugu yangu, na wala si ngumu sana. Composer ni zana yako ya karakana, isimfikie mteja. Iendeshe wewe, kisha funga zipu likiwa na folda la vendor, lenye maktaba hizo, ndani. Zipu litanenepa, haidhuru, bora megabaiti kumi zaidi kuliko mteja kukesha. Faili la .env liandikwe na kisakinishi chenyewe kwenye kivinjari. Jedwali ziundwe na msimbo ule ule unaoitwa na zile amri, ila uuite kutoka kwenye ukurasa.

Kuna jambo moja la hatari nakuomba usilipite haraka. Laravel imepangwa ili folda la public pekee ndilo lionekane mtandaoni. Mteja asiyejua atamwaga kila kitu ndani ya public_html (folda la hostingi linaloonekana mtandaoni), na hapo faili la .env lenye nywila ya kanzidata linaweza kusomwa na yeyote atakayeandika anwani yake kwenye kivinjari. Mimi sasa nafanya hivi: kabla ya kumaliza, kisakinishi kinajaribu chenyewe kulifungua lile faili kupitia anwani ya tovuti, kama mgeni wa nje. Kikilipata, kinasimama, hakiendelei mbele mpaka kasoro iondoke. Kutegemea .htaccess (faili la kuzuia watu kufungua mafaili fulani) pekee hakutoshi, kwa sababu seva za Nginx hazilisomi kabisa faili hilo.

#7 Mwalimu wa Hesabu

Habari zenu. Mimi si mtaalamu, ni mwalimu, na ndiye niliyekabidhiwa tovuti ya shule kwa sababu tu najua Excel. Nimeingia kuwaambia yanayotukuta upande wa huku.

Kwanza, wengi wetu hatuna kompyuta. Nasakinisha kwa simu. Kurasa zenu zinakatwa pembeni, na nikigusa kisanduku kibodi inafunika nusu ya skrini.

Pili, tunaogopa kuharibu. Mnaandika "Onyo" kwa rangi nyekundu kwenye kila kitu, hata vitu visivyo na madhara. Mimi nikiona nyekundu naacha, naenda kumtafuta kijana wa IT, naye anakuja Jumamosi ijayo au haji. Mkiandika nyekundu, basi iwe kweli ni hatari.

Tatu, mnatumia Kiingereza, na hata mkiandika Kiswahili ni kile ambacho hakisemwi na mtu. Niliwahi kukutana na kitufe kilichoandikwa "Tekeleza uwasilishaji". Si mngeandika tu "Endelea"?

Na swali langu ni hili: kwa nini msituwekee ninyi kwenye seva zenu, sisi tukaingia tu kwa nywila, tukalipa kwa mwezi? Mnatuuzia zipu la nini?

#8 Nyundo na Msumari

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Hiyo "Tekeleza uwasilishaji" na mimi niliiandika mahali, kesho naifuta.

Swali lako lina haki yake. Kwa watu wengi kuwekewa na kulipa kwa mwezi ndiyo njia sahihi, na sitamlazimisha mtu kumiliki seva. Lakini wapo wanaokataa, na sababu zao nimezisikia kwa masikio yangu. Yule mama wa Bukoba alisema biashara yake ina miezi mizuri na miezi mikavu. Hataki siku ya mwezi mkavu afungiwe daftari la wageni wake kwa kuchelewa kulipa. Nafasi ya hostingi analipia mara moja kwa mwaka, amemaliza. Sababu ya pili ni kwamba mimi nikiugua au nikiacha kazi hii, yeye anabaki na programu yake na taarifa zake.

Ya tatu ni sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nikikusanya kwenye seva yangu majina, namba za simu na vitambulisho vya wageni wa nyumba thelathini, au alama za wanafunzi wa shule zako, nimebeba wajibu mzito, kuanzia kujisajili kwa Tume mpaka kujibu zikivuja. Kuna kampuni zinazouweza mzigo huo. Fundi mmoja mwenye kompyuta moja afikirie mara mbili.

#9 Kufuli

Nimevumilia kusoma mpaka hapa, sasa niseme la usalama. Kurahisisha kuna upande wake wa pili. Kisakinishi kilicho wazi ni mlango usio na mwenyewe. Yeyote atakayekifungua wa kwanza ndiye anakuwa bosi wa tovuti.

Watu wengi hupakia WordPress, wakaitwa chakulani, wakaiacha kwenye ukurasa wa usanidi. Mwaka 2017 Wordfence, kampuni ya usalama wa WordPress, walionya kuhusu wadukuzi wanaozunguka mtandaoni kutafuta kurasa hizo. Wakiukuta mmoja wanaunganisha tovuti na kanzidata yao wenyewe, wanaingia kama wasimamizi, wanapandikiza msimbo wao, na sasa seva nzima ya mteja iko mikononi mwao. Na usiseme "tovuti yangu mpya hakuna anayeijua". Cheti cha usalama kikitolewa tu, jina la domeni linaandikwa kwenye daftari la wazi la vyeti ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Zile roboti zinalisoma.

Joomla wana jambo zuri la kuiga. Ukiiambia kanzidata iko kwenye seva nyingine badala ya hii hii, inakutaka kwanza ufute faili fulani kwenye folda la tovuti, ili kuthibitisha kwamba wewe kweli ndiye mwenye kuingia humo. Na kazi ikiisha, folda la kisakinishi linaondolewa.

#10 Nyundo na Msumari

@Kufuli hili lilinisumbua siku tatu nzima. Nikafanya hivi. Mteja anapopakua zipu kwangu, mtambo wangu unaliandikia zipu hilo namba ya tarakimu sita, na namba hiyo hiyo inamfikia kwa ujumbe wa simu. Kisakinishi kinaanza kwa kuuliza: "Andika namba tuliyokutumia kwa simu." Hilo swali mama analiweza. Amezoea kuulizwa namba za namna hiyo kila anapofanya miamala ya simu. Ukikosea mara tano kinajifunga, na ili kukifungua unapakia zipu upya. Programu ikishasakinishwa kinajifuta.

Sasa nieleze kisakinishi kipya chote, kama nilivyoahidi.

Kanzidata nimeiondoa kabisa kwenye maswali. Natumia SQLite, ambayo ni faili moja tu kwenye diski, haina hosti, haina mtumiaji, haina nywila, na PHP huja nayo. Kwa nyumba ya vyumba vinane, au hata themanini, inatosha na kubaki. Najua kuna watakaosema SQLite ni ya kuchezea. Jamani, imo kwenye simu zenu zote hivi sasa, inahifadhi majina na ujumbe wenu. Udhaifu wake ni pale watu wengi wanapoandika kwa wakati mmoja, na kwenye nyumba ya wageni anayeandika ni mtu wa mapokezi peke yake. Anayetaka MySQL kiko kiungo kidogo chini: "Nina kanzidata yangu." Faili lenyewe linawekwa nje ya public_html, na pasipowezekana ndipo lile jaribio la kulifungua kwa nje linapofanya kazi yake.

Kabla ya swali lolote kinakagua: toleo la PHP, viendelezi (vipande vya nyongeza vya PHP) vinavyohitajika, uwezo wa kuandika kwenye folda, ukamilifu wa mafaili kama alivyosema Mdau wa Seva. Faili linalofanya ukaguzi huu nimeliandika kwa PHP ya kizamani makusudi, ili liweze kusema hata kwenye seva kuukuu. Ile skrini nyeupe ilitokana na kuandika ukaguzi wenyewe kwa lugha mpya ambayo seva ya zamani haiwezi hata kuisoma. Makosa kama hayo yanatesa watu bure.

Na kikikuta kasoro, hakisemi tu kwamba kuna kasoro. Nawawekea ujumbe mmoja kama ulivyo sasa:

"Seva yako inatumia PHP 7.2. Programu hii inahitaji 8.1 au zaidi. Hukukosea chochote. Nakili maneno yaliyo hapa chini uwatumie waliokuuzia nafasi ya tovuti: Naomba mnibadilishie PHP ya tovuti yangu kuwa 8.1 au zaidi. Asante. Wakishabadilisha, rudi hapa ubonyeze Kagua tena."

Yale maneno yana kitufe cha kunakili. Niliyaandika mara saba mpaka yakaeleweka. Yale "hukukosea chochote" ni kwa ajili ya yule mama.

Halafu ndiyo maswali matatu. Jina la nyumba, barua pepe, nywila. Nywila inaonekana wakati unaiandika, kwa sababu mtu yuko peke yake na hofu yake kubwa ni kukosea herufi asiyoiona.

Kazi nzito nimeikata vipande vidogo. PHP kwa kawaida yake inamruhusu msimbo sekunde 30 tu, na kwenye seva zenye msongamano kuunda jedwali zote na kuingiza data za mwanzo kwa mkupuo kulikuwa kunafia njiani. Sasa kila hatua ni fupi, na mtandao ukikatika, ukirudi unaanzia pale ulipoishia.

Mwisho kinatuma barua pepe ya majaribio na kuuliza: "Umeiona?" Hapa palinifundisha. Barua inayotumwa na PHP moja kwa moja kutoka kwenye hostingi ya pamoja mara nyingi inaishia kwenye taka au haifiki. Mtu hagundui mpaka siku amesahau nywila, anaomba mpya, hakuna kinachokuja. Bora ajue siku ya kwanza, nikiwa bado namshika mkono.

#11 Mdau wa Seva

Huo ujumbe wa kunakili naomba wote muuige. Mteja akinitumia sentensi iliyonyooka kama hiyo namhudumia dakika mbili. Wengi wanatuandikia "tovuti haifanyi", basi, na inakuwa safari ya siku mbili za kuulizana.

Ila hujasema kitu kuhusu kusasisha. Usakinishaji ni siku moja, toleo jipya ni kila mara. Programu nyingi ninazozikuta zimedukuliwa zilikuwa na marekebisho yaliyokwisha tolewa, mwenyewe hakuyaweka.

#12 Nyundo na Msumari

Kweli kabisa, na nakiri hapa bado sijafika. WordPress ilianza kujisasisha na kusakinisha plagini (programu ndogo za nyongeza) ndani ya dashibodi kwenye toleo la 2.7, Desemba 2008. Kabla yake watu walikuwa wanafuta mafaili na kupakia upya kwa FTP, wakiomba Mungu wasifute folda la picha. Kisha toleo la 3.7, Oktoba 2013, ndipo masasisho madogo ya usalama yakaanza kuingia yenyewe bila mwenye tovuti kubonyeza kitu. Ile nadhani imeokoa tovuti nyingi kuliko miongozo yote iliyoandikwa kuhusu usalama.

Yangu kwa sasa inafanya hivi: inapakua toleo jipya, inahakiki saini yake, inanakili faili la kanzidata pembeni (hapa SQLite ni raha, bakapu ni kunakili faili moja wakati hakuna anayeandika), inaweka toleo jipya kwenye folda lake bila kugusa la zamani, kisha inahamia. Ikishindwa kufungua ukurasa wa kwanza, inarudi kwenye la zamani yenyewe. Inafanya haya usiku. Kwa kuwa siwezi kumwambia mama aweke kazi ya ratiba kwenye cPanel, nategemea mtu kufungua tovuti ndipo kazi iliyofika wakati wake ianze, kama WordPress inavyofanya. Tovuti isipotembelewa siku nne, haijisasishi siku nne. Mwenye wazo bora zaidi naomba alilete.

#13 Pwani Kodi

Nimerudi na taarifa. Jana nilifanya kama ulivyofanya wewe. Nikaenda Kongowea, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, mwenye duka akasakinisha kwa simu yake huku anahudumia wateja. Vendor imo kwenye zipu, .env inajiandika, maswali yamebaki matatu. Alifika mwisho kwa dakika kumi na nane, nne kati ya hizo akiwa anatafuta fani belti ya mtu.

Palipomkwamisha ni mahali pamoja tu. Alimaliza kuandika nywila akakaa anangoja. Anangoja, anangoja. Nikavumilia. Mwisho akasema, "Hii imekwama." Kumbe kitufe cha "Endelea" kilikuwa chini, kimefunikwa na kibodi ya simu, na hakujua kwamba kipo. Mwalimu alishatuambia hapo juu, nami nikasoma nikapita.

#14 Nyundo na Msumari

Nimetoka kujaribu yangu kwenye simu ndogo ya mdogo wangu. Kitufe kimefunikwa vile vile. Nakihamishia juu, karibu na kisanduku cha nywila, usiku huu huu. Jumamosi nampigia mama wa Bukoba, ameshakubali kurudia tangu mwanzo kwa simu yake mwenyewe, na mwanawe atakaa pembeni kuandika kila anapositasita. Nitaleta karatasi hiyo hapa.